Mume Wangu na Meli Zake Tatu

Mwulize mume wangu swali lolote, lolote lile, atakujibu kwa meli tatu. Mwulize kama mvua itanyesha. Atakwambia kwenye Meli ya Dhahabu mvua ikinyesha wageni walikuwa wanaletewa chokoleti ya moto na blanketi, kwenye ile ya Nyota wanapigiwa muziki mpaka wanaisahau mvua yenyewe, na kwenye ile ya Familia, loo, mvua ikinyesha kule watoto wote wanaingia ndani kwa mpigo mmoja na hakuna wa kukuokoa. Sawa, lakini hapa kwetu mvua itanyesha au haitanyesha? Hapo hajui. Nguo zangu ziko kwenye kamba, mimi nimesimama mlangoni na beseni, nasikiliza habari za chokoleti.

Majirani wanamwita Kapteni. Hajawahi kushika usukani wa kitu chochote kinachoelea. Alikuwa mhudumu wa mezani kwenye meli za kitalii, zile meli kubwa zenye mabwawa ya kuogelea juu yake, ambazo watu wanazipanda hawana wanakokwenda, wanazunguka tu na kula. Miaka ishirini na sita amebeba sahani za watu, kampuni tatu moja baada ya nyingine. Miezi kumi baharini, wiki sita nyumbani, halafu begi mgongoni tena. Watoto wetu wawili niliwazaa yeye akiwa anawamiminia watu mvinyo mahali nisipopajua. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Niliwalea kwa hizo sare na kwa alichokuwa akituma, na hapo simnyimi haki yake, alituma bila kukosa. Mwaka juzi mwishoni akastaafu. Nikasema haya, sasa na mimi nina mume.

Thubutu.

Mwanaume aliyerudi hakai. Namaanisha hakai kitako. Kazini kwao sheria ya kwanza ni kwamba mhudumu haketi mahali ambapo mgeni anaweza kumwona, na sheria hiyo imemwingia mpaka kwenye magoti. Nikipakua chakula, yeye anasimama nyuma ya kiti changu, mkono mmoja mgongoni, kitambaa kimening'inia kwenye mkono wa pili. Sheria yao ya pili ni kwamba mgeni akilaza uma na kisu pamoja, amemaliza, sahani iondoke kabla hajapumua. Kwa hiyo ole wako uweke kijiko chini upate kukohoa. Dada yangu alikuja kutusalimia, akaweka kijiko chini ili aseme neno moja kuhusu mkwe wake. Kugeuka, sahani hiyooo, inaelekea jikoni na nyama yake juu.

"Shemeji!" akapiga kelele. "Ile nyama nilikuwa naibakiza nile mwisho!"

"Samahani sana, bibie," akasema Kapteni, huku anainamisha kichwa. "Kwenye Meli ya Dhahabu tulikuwa tunaruhusiwa kusubiri kidogo, ila kwenye ile ya Nyota..."

Dada akaniangalia. Mimi nikaangalia dari.

Na yeye mwenyewe anakula saa ngapi? Baadaye, jikoni, amesimama wima karibu na sinki. Anameza harakaharaka utadhani kuna kengele itamlilia, halafu anaosha sahani, anaifuta, anaiinua kwenye mwanga wa dirisha kuangalia kama imebaki na alama za vidole. Ukimwambia "baba, njoo ukae," anasema "nakuja sasa hivi." Hiyo sasa hivi yake sijawahi kuiona ikifika.

Nilijikaza kisabuni mwaka mzima na ushee. Ndipo wakala akapiga simu, yule anayezitafutia meli wafanyakazi. Kuna meli mpya inaanza kazi, wanataka mtu mzima wa kuwafundisha wahudumu wapya, mkataba wa miaka miwili. Kapteni alikuwa sebuleni, simu sikioni, amesimama mguu sawa kama vile wakala anamwona. Alipoikata akanigeukia. "Wewe unasemaje, mama watoto?"

Damu ilinichemka. Mimi nasemaje! Mikataba yote hiyo hakuwahi kuniuliza nasemaje, alikuwa anasaini kwanza halafu naambiwa siku ya kupiga pasi mashati. Leo, amezeeka, nimezeeka, ndiyo ninaulizwa.

"Nipe muda," nikamwambia.

Nilitaka abaki. Nalisema wazi, sina haja ya kuzunguka. Lakini nilitaka abaki mume, si mhudumu. Kama ni kuishi na mhudumu, basi bora akawahudumie wanaomlipa mshahara, mimi niendelee na cherehani yangu kama nilivyozoea. Nilimweleza dada yangu hivyohivyo, naye akasema nisubiri kidogo, labda ataelewa mwenyewe. Ataelewa lini? Akishakufa, atasimama nyuma ya jeneza lake awaulize watu kama wameridhika na huduma.

Wakati huohuo watoto wetu walikuwa wanachangishana kimyakimya. Binti ni nesi, kaka yake anaendesha malori. Jumapili moja wakaja wote wawili wakiwa wamevaa vizuri, wakatuketisha, yaani wakaniketisha mimi, na baba yao akasimama. Wakasema wanatulipia safari ya siku nne kwenye meli ya kitalii, baba na mama, kama wageni.

"Baba amewahudumia watu maisha yake yote," binti akasema. "Na yeye akahudumiwe."

Nililia machozi ya kweli. Kapteni hakulia. Kapteni aliuliza, "Kampuni gani?" Na binti yangu, mtoto mwenye akili zake timamu, akafanya kosa ambalo hatalirudia maishani. Akasema, "Chagua wewe, baba."

Jamani! Majuma matatu nyumba yangu ilikuwa bunge la meli. Nashona, anaongea. Napika, anaongea. Naoga, yuko nje ya mlango wa bafu anaongea.

"Tuanze na chakula," anasema. "Kwa chakula Dhahabu hawana mpinzani. Sahani inakuja ikiwa ya moto, chakula kiko katikati, kimepambwa na kijani. Lakini ni kidogo mno, mama watoto, wewe utalala na njaa. Sasa Nyota wao wana bufee, unajipakulia mpaka mkono unachoka, ila kuku ana ladha ya samaki na samaki ana ladha ya keki. Familia sitaki hata kuzungumza. Kule ni chipsi asubuhi mpaka jioni."

"Basi twende Dhahabu, nitabeba biskuti."

"Ngoja, kuna hali ya humo ndani. Dhahabu ni kimya sana. Mtu akipiga chafya anaomba radhi meza nzima. Wewe unapenda kucheka kwa sauti, utajisikia vibaya. Nyota wana uchangamfu, lakini uchangamfu wao hauna breki, mpaka chooni kuna spika."

"Basi Nyota."

"Sasa angalia abiria wenyewe. Wa Dhahabu ni wazee, wana adabu, wanakukumbuka kwa jina, lakini kila mmoja ana kitu ambacho daktari amemkataza. Wa Nyota wanakunywa. Wakishakunywa wanakukumbatia, wakishakukumbatia wanavunja glasi. Wa Familia, wazazi wamechoka na watoto hawachoki."

"Baba watoto, twende ipi?"

"Na thamani ya pesa hatujaigusa! Nyota utaiona ni rahisi, kumbe unalipia maji, unalipia kiti cha kuotea jua, unalipia mpaka taulo ukilichelewesha. Dhahabu unalipa mara moja, unaumia, unasahau."

"Kwa hiyo ipi?"

"Inategemea."

Ilikuwa kila nikisikia hilo neno inategemea, kichwa kinaanza kunigonga upande mmoja. Siku moja lilinikuta nashona kaptula ya mtoto wa darasa la kwanza, nikaja kugundua mfuko nimeuweka kwenye makalio, tena kwa ndani. Nikazima cherehani. Nikampigia binti simu, nikamwambia atulipie kampuni ya nne, yoyote, mradi baba yake hajawahi kukanyaga humo. Nilidhani nimekuwa mjanja. Nilidhani mahali asipojulikana na asipojua chochote, atakuwa abiria kwa lazima.

"Lakini hiyo siijui," Kapteni akalalamika alipoambiwa.

"Ndiyo maana," nikasema.

Dada yangu nikamwambia sharti langu. Nataka mlo mmoja tu. Mume wangu akae kitini mbele yangu, tule wote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, asiinuke. Akiweza, nitamwambia akatae mkataba. Asipoweza, tukishuka tu bandarini akasaini, aende, na nitampigia pasi mashati mwenyewe bila kinyongo.

"Siku nne, mlo mmoja?" dada akacheka. "Mbona umemrahisishia hivyo."

Ningejua ningemwambia asicheke.

Jioni ya kwanza tulipewa meza ya watu wawili karibu na dirisha. Kapteni akanivutia kiti, akanikunjulia kitambaa mapajani, akanimiminia maji, akarudi nyuma hatua moja akasimama.

"Kaa," nikamwambia kwa meno yaliyofungwa.

Akakaa. Alikaa kwenye ncha ya kiti, makalio yameazimwa tu. Akaja mhudumu wetu, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, akatupa menyu na kutukaribisha vizuri tu. Kabla hajamaliza, mume wangu alishaanza kunieleza menyu yote vizuri kuliko huyo mama mwenyewe anavyoijua. Kwamba supu hii ina krimu itanisumbua tumbo, mchuzi ule unapikwa hivi, mboga zile ni za kopo usidanganyike na rangi. Nikaagiziwa kama mgonjwa. Mhudumu akamgeukia yeye. "Na wewe, kaka?"

"Mimi sina haraka. Mhudumie mama kwanza."

Supu ikaja. Nimeonja kijiko cha pili, mtu wa meza ya jirani akadondosha uma. Nakwambia ule uma haujatulia chini, Kapteni ameshafika, ameuokota, ameuficha kwenye kitambaa, anampa mwenyewe uma mwingine kutoka sijui wapi. Wale watu wakafurahi, wakamwuliza juu ya nyama, akawashauri. Meza ya pili wakamwita. Mimi nikamaliza supu, nikala nyama, nikala kitamutamu, peke yangu. Akarudi nikiwa nafuta mdomo, macho yanamng'aa.

"Sahani zao hawazipashi moto, umeona? Chakula chao kinaizidi Nyota lakini hakiifikii Dhahabu. Abiria ni wastani."

Sikumjibu. Nikiwa na hasira sana huwa nanyamaza, na yeye hakuwahi kukaa nyumbani vya kutosha hata akalijua hilo.

Siku ya pili ilikuwa hivyohivyo na zaidi. Nilimvalisha shati jeupe nililomshonea kwa ajili ya safari, na hilo lilikuwa kosa langu. Tuko juu, tumekaa kwenye viti vya jua, mzee mmoja akapita akaliona shati, akamkabidhi kikombe kitupu. "Kahawa nyingine, bila sukari." Mume wangu akakipokea, akaenda, akaleta kahawa bila sukari, na biskuti mbili pembeni.

"Kwa nini umempelekea?" nikamwuliza.

"Ameomba."

"Wewe ni abiria!"

"Mimi najua. Yeye hakujua. Ningemwaibisha bure."

Jioni hiyo kwenye ukumbi kulikuwa na mtu anaadhimisha siku yake ya kuzaliwa, wahudumu wakatoka jikoni na keki, wakiimba na kupiga makofi. Hesabu wahudumu wote, halafu ongeza mmoja, huyo wa mbele kabisa anayeongoza makofi, baba wa watoto wangu. Mwenye keki alimpa bahashishi. Akaikataa, nashukuru kwa hilo, lakini akaikataa kwa kuinama.

Siku ya tatu ndiyo iliyonikata maini. Yule mama wa miwani alishamtambua. Wanajuana hawa, hawana haja ya kuambiana, aliona tu jinsi anavyoshika sahani tatu kwa mkono mmoja. Akamwambia wenzake wa chini, kwenye chumba cha wafanyakazi, wangependa kumsalimu, mzee wa kazi. Mume wangu akaniambia anashuka mara moja, anarudi kabla ya chakula cha jioni.

Nilikuwa nimevaa gauni la bluu. Nilishona gauni lile kwa wiki mbili, baada ya sare za watu kwisha, nikaliwekea shanga shingoni moja moja kwa mkono, na kioo cha kabini kilinisifia. Nikaenda ukumbini, nikakaa mezani kwetu, nikangoja. Meza zote zikahudumiwa. Nikangoja. Mwisho yule mama wa miwani akaja polepole, akaangalia kiti kitupu na vyombo vyake vilivyopangwa.

"Niviondoe, mama?" akauliza.

"Viache."

Nikala huku naangalia sahani safi. Alikuja kunikuta kabini nimeshavua gauni, ananukia jikoni, mwenye furaha. Kumbe wamekula chini wote pamoja, wamesimama, wamecheka. Akaanza kuniambia chumba cha wafanyakazi cha meli hii ni kipana kuliko cha Nyota. Hakuwa na ubaya wowote usoni, na hilo ndilo lililoniuma. Ningemkuta na mwanamke mwingine ningejua pa kuanzia.

Ikabaki siku moja. Jioni yake, anafunga vifungo vya shati mbele ya kioo, nikamtolea uvivu.

"Baba watoto, wakala anangoja jibu, na wewe unaningoja mimi. Nitakupa jibu leo. Ukiinuka mezani kabla sijamaliza kula, kwa sababu yoyote ile, uma uanguke, mtu azimie, meli izame, basi kasaini. Nenda ukafundishe watu. Mimi sitakuwa na neno."

Mikono yake ikasimama kwenye kifungo. "Umekasirika?"

"Nimekasirika tangu nikiwa na mimba ya kwanza."

Akakifunga kile kifungo. Tukaenda.

Akavuta kiti chake mwenyewe, akakaa, safari hii akaegemea kabisa. Halafu akachukua mikono yake miwili akaikalia. Nilitaka kucheka nikajizuia. Meza ya nyuma yake kijiko kikaanguka, ting! Nikaona mishipa ya shingo imemtoka. Mabega yakainuka. Makalio hayakuinuka. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, lakini akabaki ananiangalia mimi tu, macho hayapepesi.

Mhudumu akaja. Nikaagiza mwenyewe, nilichotaka, na krimu yake. Akamgeukia. "Na wewe, kaka?"

"Naona kuku wa leo ni mzuri," Kapteni akaanza. "Samaki nisingemshauri mtu, ni wa jana. Ila ukilinganisha na kuku wa Meli ya Dhahabu, wale walikuwa wanamlaza kwenye..."

"Kaka," yule mama akamkatiza, taratibu. "Sijakuuliza kipi kizuri. Nimekuuliza unataka nini."

Akafungua menyu. Akaifunga. Akaifungua tena. Huyu ni mtu anayekumbuka bibi fulani wa meza ya kona alitaka mkate uliokatwa maganda, huyu anajua bwana fulani alikunywa chai ya limao bila kuguswa na kijiko, na watu hao hajawaona miaka kumi na tano.

"Sijui," akasema. Akanigeukia mimi. "Mama watoto, sijui."

Nikafungua mdomo nimjibie. Si ndivyo wanavyofanya wake za watu? "Mletee kitu fulani, huyu anapenda kitu fulani, tena kisiwe na pilipili." Dada yangu anamjibia mumewe hata kabla mumewe hajasikia swali. Mdomo wangu ukabaki wazi. Nilijua upana wa shingo yake, urefu wa mkono wake, bega lake la kulia lililoshuka kidogo kwa kubeba trei, mashati yake yote nimeyakata bila kumpima. Anachopenda kula sikukijua.

Yule mama wa miwani akasema atarudi, akatuacha.

"Kule mlikuwa mnakula nini?" nikamwuliza.

"Kilichobaki."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani nakula unachopika."

"Unakipenda?"

Akaangalia mlango wa jikoni, njia aliyozoea kukimbilia. Mikono bado ameikalia.

"Sema. Unakipenda au hukipendi?"

"Kizuri," akasema. Halafu akameza mate. "Ila vitunguu unaviunguza."

"Nini?"

"Vitunguu. Unaviweka motoni, unarudi kwenye cherehani. Unasema unamalizia mshono mmoja. Si mmoja. Ukija kurudi vimeshakuwa vyeusi, unamwagia nyanya juu yake. Kila siku, mama watoto. Mchuzi wote unakuwa mchungu."

Ebo! Nilihisi masikio yanawaka. "Miaka ishirini na sita unakula vitunguu vyangu, leo ndiyo vimekuwa vichungu?"

"Vilikuwa vichungu tangu mwanzo."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa na wiki sita tu nyumbani! Nikuharibie wiki sita kwa ajili ya vitunguu? Nilikuwa mgeni pale. Mgeni anasema asante."

"Na huu mwaka mzima? Wiki sita zilikwisha zamani! Mwaka mzima umesimama nyuma ya kiti changu umenyamaza!"

"Nilikuwa nangoja uniambie kama nakaa."

Hapo ningemwambia kaa, nakwambia ukweli. Lakini hasira ilikuwa imeshapata mwendo, haikuweza kusimama hapo. Nikamwambia na yeye aache kukunja taulo zangu maumbo ya ndege, najifutia nini, ndege? Akasema chai yangu ni maji ya kuoshea birika. Nikamwambia kuoga kwake kwa saa nzima kunamaliza maji ya nyumba. Akasema mimi nakoroma. Nikasema yeye je! Watu wa meza za jirani wakaanza kugeuka, yule mzee wa kahawa aliweka kikombe chini asikilize vizuri.

Mhudumu akarudi katikati ya hayo, kalamu mkononi.

"Viazi vya kuchemsha," mume wangu akamwambia, hata menyu hakuitazama, uso umemwiva kwa hasira. "Na yai. Yai lisiive sana. Na chumvi pembeni nijiwekee mwenyewe."

Yule mama akaandika, bila kusema kwamba kwenye meli nzima hakuna aliyewahi kuagiza hivyo. Chakula kilipokuja tukaendelea kugombana juu yake. Nilimaliza changu, nikalaza uma na kisu pamoja bila kufikiria, na sahani ikabaki pale mbele yangu, kwa sababu mwenzangu alikuwa amechomoa mikono, mdomo umejaa viazi, ananionyeshea kijiko na kunieleza makosa ya mchuzi wangu wa maharage.

Kesho yake tuliteremka bandarini tukiwa bado hatujayamaliza. Yeye amebeba masanduku, mimi nimebeba gauni, tumefika kwenye maharage tunarudi kwenye chai. Simu yake ikalia mfukoni. Alikuwa wakala. Nikamnyang'anya, nikapokea mimi. Nikamwambia mume wangu hawezi kuzungumza kwa sasa, tunagombana, na hatujafika hata nusu.